Kiroboto si wa mbwa, ni wa nyumba

Leo naomba mniruhusu niweke siasa pembeni. Niweke pembeni na Simba na Yanga pia, ingawa kuna Simba mmoja nitamtaja sana humu. Leo nataka kuzungumzia viroboto. Ndiyo, viroboto, wale wadudu wa mbwa. Najua wapo watakaosema kijana kaishiwa habari, kasomeshwa chuo kikuu kwa kodi zetu halafu anatuandikia viroboto. Cheka kwanza, halafu endelea kusoma. Kama unaishi Mbagala, Chamazi, Tandika, Tegeta, Boko au Bunju, nina hakika wadudu hawa wameshakutembelea, hata kama hufugi mbwa.

Mimi nimepanga Chamazi, wilaya ya Temeke, kwenye nyumba ya wapangaji watano wanaotumia ua mmoja. Mwenye nyumba anaishi humo humo na sisi. Alikuwa na mbwa wa kulinda, na kwa kuwa mzee ni Yanga damu damu, mbwa akamwita Simba, ili kila asubuhi apate raha ya kusema, "Simba, kaa chini!" na Simba akae kweli.

Mwaka jana, masika yalipokuwa yanaishia, Simba alianza kujikuna. Mchana anajikuna, usiku anajikuna, manyoya ya mgongoni karibu na mkia yakaanza kunyonyoka. Hatukujali, mbwa kujikuna ni kazi yake. Tukaja kushtuka pale mtoto wa mpangaji mwenzetu, wa miaka mitatu, alipotokwa na vipele kuanzia kwenye vifundo vya miguu hadi magotini. Mama yake alimpeleka zahanati mara mbili, akapewa dawa ya kupaka, vipele vikapungua na kurudi. Mara ya tatu mama mwenyewe akaona kitu cheusi kinaruka kutoka kwenye mkeka anaolalia mtoto mchana. Hapo ndipo ua wote ulipowaka moto.

Kikao kikafanyika chini ya mwembe. Jirani yetu mmoja, mzee wa swala tano, ambaye wengi tulidhani ataanza na habari ya najisi, wala hakuigusa. Yeye alisema tu, "Mbwa wako ni wako, lakini watoto ni wetu sote. Fanya jambo." Mwenye nyumba akaona aibu. Kesho yake akarudi na dawa kwenye chupa ya soda, haina karatasi wala maelezo, amepimiwa dukani kwa macho. Nikamuuliza:

"Mzee shikamoo. Hiyo ni dawa gani?"

"Marahaba. Ya kuogeshea ng'ombe."

"Na mbwa je?"

"Kijana, ng'ombe na mbwa nani mkubwa? Kama haimuui ng'ombe, itamuua mbwa?"

Sikuwa na jibu. Nimesoma uandishi wa habari, sikusoma mifugo. Simba akaogeshwa. Haikupita saa moja akaanza kutokwa mate, kutetemeka, miguu ya nyuma ikamwisha nguvu. Mmoja akasema apewe maziwa, mwingine akasema aachwe afe. Bahati nzuri mpangaji mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la mifugo akaleta ndoo za maji na sabuni, akamsuuza mpaka dawa ikatoka. Simba akapona. Viroboto nao wakapona.

Mwisho wa yote, baada ya wiki moja mzee alimpakia Simba kwenye bajaji, akaenda kumtupa huko mbele ya Mbande. Tukapumua. Tukasema tumemaliza.

Jamani, hatukumaliza. Siku chache baadaye viroboto walikuwa wengi kuliko mwanzo. Sasa hawakumchagua mtoto peke yake, walituuma wote. Ukitoka kufungua geti unarudi na viroboto watatu kwenye soksi. Mbwa hayupo, viroboto wapo. Swali likawa, wametoka wapi?

Mwandishi ni mtu wa kuuliza, kwa hiyo nilikwenda kuuliza kwa daktari wa mifugo, nikasoma na vitabu. Nilichojifunza ndicho kilichonifanya niandike makala hii, na nitakisema kwa sentensi moja: kiroboto si wa mbwa, ni wa nyumba. Mbwa ni hoteli yake tu.

Tuanze na hesabu ya darasa la nne. Kiroboto jike akishanyonya damu anaweza kutaga mayai 40 hata 50 kwa siku. Mayai hayo hayagandi kwenye manyoya, yanadondoka popote mbwa anapopita au kujilaza. Chukua majike kumi tu, kila moja mayai 40. Ni mayai 400 kwa siku, 2,800 kwa wiki, yamemwagwa uani, kibarazani, chini ya kochi na kwenye gunia analolalia mbwa. Yakianguliwa yanatoa mabuu madogo meupe, yasiyopenda mwanga, yanayojichimbia mchangani au kwenye nyufa za sakafu. Chakula chao ni kinyesi cha viroboto wakubwa, ambacho kimsingi ni damu iliyokauka. Kisha buu linajisokotea kijumba kama cha hariri, kinajipaka vumbi, huwezi kukiona. Humo anakaa siku kadhaa, au akitaka anasubiri miezi. Anasubiri nini? Joto la mwili, pumzi, na mtikisiko wa miguu. Ukipita, anatoka na kukurukia.

Madaktari wa mifugo wanakadiria kwamba kwenye nyumba iliyovamiwa, kati ya kila viroboto 100, watano tu ndio wakubwa unaowaona wakiruka. Waliobaki 95 ni mayai, mabuu na walio kwenye vijumba vyao. Sasa fikiria tulichofanya sisi. Tulimwogesha mbwa sumu kwa ajili ya watano, tukawaacha 95. Kisha tukamtupa mbwa, wale waliokuwa wanaamka wakakuta hoteli imefungwa, wakahamia kwetu. Tulivuna tulichopanda.

Na Dar es Salaam yetu hii ni pepo ya kiroboto. Wenzetu wa nchi za baridi angalau kipupwe kinawasaidia kuua walioko nje. Sisi joto lipo mwaka mzima, na unyevu wa pwani ndio mabuu wanaoupenda. Wakati wa masika na vuli wanazaliana sana, na katika joto letu safari ya kutoka yai mpaka kiroboto mkubwa inaweza kumalizika kwa wiki tatu hivi. Ongeza na mchanga wa Chamazi na Mbagala ulio kivulini chini ya miembe, ongeza na kuku, paka na mbwa wanaolala banda moja. Tumewajengea kiroboto makazi bila kudai kodi.

Sasa nini kifanyike? Mimi si daktari, lakini haya ndiyo niliyoelekezwa, na mengi hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji kutokuwa mvivu.

Kwanza, hakikisha kama kweli ni viroboto. Chukua kitana cha meno membamba, kile cha kutolea chawa, mchane mbwa mgongoni karibu na mkia. Vile vipunje vyeusi vinavyotoka viweke kwenye kitambaa cheupe chenye maji. Vikigeuka vyekundu kama kutu, hiyo ni damu, una viroboto. Visipogeuka ni uchafu tu. Na ukikuta wadudu wameganda kama misumari kwenye ncha za masikio au kuzunguka macho, hawaruki, hao huenda ni viroboto vya kuku. Hapo ukimwogesha mbwa bila kugusa banda la kuku unatwanga maji kwenye kinu.

Pili, anza na nyumba, na ufanye yote kwa siku moja. Gunia au matambara anayolalia mbwa yachome, au yafue kwa maji ya moto kisha yaanike juani. Rudia kila wiki. Mikeka, mazulia na mito ya makochi yatoe nje juani. Fagia chini ya vitanda na kwenye kona, na takataka hizo usizirudishe uani, zichome au zifunge kwenye mfuko. Nyufa za sakafu ziba kwa saruji. Uani, kata matawi yanayoweka kivuli kwenye kona anayolala mbwa, jua lipige chini. Jua kali na ukavu vinaua mabuu, na jua letu ni la bure.

Tatu, mwogeshe mbwa. Maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida isiyo kali vinawaua viroboto wengi vikipewa muda. Siri ni kuanza kwa kumzungushia povu shingoni, maana viroboto wakiona maji wanakimbilia kichwani. Mwache na povu dakika tano hadi kumi, kisha msuuze vizuri. Lakini sabuni haina kinga. Akikauka tu, wengine wanapanda.

Nne, ndipo inakuja dawa, na hapa naomba masikio yote mawili. Zipo dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, za matone ya kuweka kwenye ngozi katikati ya mabega, kama zile zenye fipronili, na zipo za vidonge. Nyingi zinafanya kazi kwa mwezi hivi, na baadhi ya vidonge hufika miezi mitatu. Zinatolewa kwa uzito wa mbwa, si kwa kukadiria kwa macho. Mtoto wa mbwa wa wiki chache usimwekee dawa bila kuuliza, mwogeshe na kumchana tu. Na kama una paka, ujue dawa za mbwa zenye pamethrini zinaweza kumuua paka huyo.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda sahau kabisa. Dawa nyingi za majosho ni za kuua kupe. Amitrazi, kwa mfano, ni moto wa kuotea mbali kwa kupe, lakini kwa viroboto haifui dafu. Maana yake unaweza kumtia mbwa sumu na bado usiue kiroboto hata mmoja. Tena kile kipimo cha mkebe mmoja kwa ndoo hakikuandikwa kwa ajili ya mnyama anayejilamba mwili mzima. Oili chafu na mafuta ya taa ndiyo kabisa, yanaunguza ngozi na mbwa akijilamba yanaingia tumboni. Vitunguu saumu navyo mnaompikia mbwa ili viroboto wakimbie, kwake ni sumu ya damu vikizidi. Na ikitokea mbwa amepakwa dawa akaanza kutetemeka na kutokwa mate, fanya kama yule mpangaji mwenzetu, msuuze haraka kwa maji mengi na sabuni, kisha mpeleke kwa daktari pamoja na chupa ya dawa. Maziwa kunywa mwenyewe.

Tano, endelea kwa miezi mitatu angalau. Hapa ndipo wengi tunaposhindwa. Wiki ya pili ukiona viroboto wengine usiseme dawa ni feki. Hao ni wale waliokuwa wanasubiri kwenye vijumba, na hakuna dawa inayowafikia vizuri humo. Waache watoke, wampande mbwa aliyetibiwa, wafe. Maana yake ni kwamba mbwa tuliyemtupa ndiye angekuwa mtego wetu! Angekuwa ametibiwa vizuri, angetembea uani akiwazoa kwa niaba yetu.

Mfugaji wa ng'ombe analijua jambo hili siku nyingi. Hapeleki mifugo josho mara moja kwa mwaka akasema nimemaliza kupe, anapeleka kwa ratiba. Sisi watu wa mjini ndio tunaotaka dawa ya siku moja.

Sasa nitoe dukuduku langu. Tatizo letu mimi naliona si umaskini wala kukosa dawa. Tatizo ni kwamba mbwa kwetu ni kitasa cha geti. Tunamfunga mchana kwenye banda la mabati, tunamrushia ugali mkavu, usiku tunamfungua atulinde. Akianza kuumwa ndipo tunakumbuka kwamba ana damu, na hapo tunamwona kama mhalifu. Mtu ana geti la chuma na ukuta wenye vyupa juu, lakini ukimwambia dawa ya mwezi ya mbwa anakushangaa. Ndugu yangu, kama huwezi kumtunza mbwa usifuge, weka taa na kufuli. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama na kumtaka mwenye mnyama amtunze. Nani kati yetu amewahi kuisikia ikitajwa kwenye mkutano wa mtaa?

Na wale wanaouza sumu kwa kupima kwenye chupa za soda wajue wanachofanya. Chupa ile ingeweza kunywewa na mtoto. Kila tukinunua bila kuuliza jina la dawa, kipimo chake na mnyama iliyotengenezewa, tunashirikiana nao.

Kuna wanaosema kiroboto ni mwasho tu. Si kweli. Mtoto wa mbwa akivamiwa sana anaweza kufa kwa kuishiwa damu. Kiroboto pia hubeba minyoo aina ya tegu. Mbwa akijilamba na kummeza, anapata minyoo, na mtoto wa binadamu anayecheza chini akimmeza kiroboto kwa bahati mbaya anaweza kuipata vilevile. Ukiona vitu kama punje za mchele kwenye kinyesi cha mbwa wako, ujue wamefika. Kwa hiyo dawa ya viroboto iende pamoja na dawa ya minyoo.

Tena tusisahau historia yetu wenyewe. Mwaka 1980 tauni ililipuka Lushoto, na kwa zaidi ya miaka 20 maelfu ya watu waliugua na mamia walifariki. Tauni ni ugonjwa wa panya unaoletwa kwa watu na viroboto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine walishiriki, uligundua kwamba ndani ya nyumba za vijiji vya huko kiroboto wa binadamu ndiye aliyekuwa amejaa, na alikuwa mwingi zaidi kwenye vijiji vilivyosumbuliwa zaidi na tauni. Sisemi Chamazi kuna tauni, msije mkanizushia. Ninachosema ni kwamba pale pia kiroboto alikuwa sakafuni mwa watu. Hata funza, yule anayeingia miguuni, ni jamaa yake kiroboto. Alikuja Afrika na meli kutoka Brazil mwaka 1872, akashukia Angola, na kabla karne haijaisha alikuwa ameshavuka bara zima hadi pwani yetu. Naye anaanzia kwenye vumbi la sakafu.

Ndiyo maana nasema hili ni jambo la mtaa, si la mwenye mbwa peke yake. Ukisafisha wewe na jirani hasafishi, paka wa jirani atakurudishia mzigo wako kabla ya Ijumaa. Wajumbe wetu wanaoitisha vikao vya ulinzi shirikishi waongeze ajenda moja ya usafi wa nyua, na maofisa mifugo wa kata waalikwe watufundishe kabla ya masika, wasisubiri chanjo ya kichaa cha mbwa tu. Yule mzee wa swala tano alisema watoto ni wetu sote. Basi na ua ni wetu sote.

Kwanini nimeandika leo? Kwa sababu wiki iliyopita mwenye nyumba wetu amerudi na boksi. Ndani kuna mtoto wa mbwa, wa kahawia, masikio yamelala. Wezi walipita wakachukua pampu ya maji, mzee akaona hawezi kukaa bila mlinzi. Jina ni lile lile, Simba. Yule wa kwanza hakuna aliyemwona tena, na mzee ukimtaja anageuza mazungumzo.

Jumamosi hii tumekubaliana wapangaji wote kutoa vitu nje, kufagia, kuchoma magunia na kuziba nyufa. Mimi nimejitolea kununua kitana. Mama wa yule mtoto ndiye wa kwanza kusema atashika ndoo. Mzee nilimkuta jioni anamkagua huyu mdogo masikioni kwa tochi ya simu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, ile dawa ya matone ulisema inaanza kuwekwa akiwa na wiki ngapi?"

Nikamwambia twende wote tukamuulize daktari.